Soma Hiki Kwanza, Nyaruai

Matulo, Bungoma
3 Februari 2024

Mwanangu Nyaruai,

Habari ya Kitale? Sisi tuko salama, magoti yangu tu ndiyo yananisumbua. Tangu tumzike Wekoye wangu, mume wako, hushiki simu. Nasikia hata shuleni huendi kufundisha. Sikulaumu.

Nakutumia kitabu. Si cha kufariji wafiwa. Nilipofiwa na baba yake Wekoye nililetewa vingi vya aina hiyo, vyote vikanichosha. Hiki ni cha kwaya inayogombania maikrofoni moja. Soma tu.

Mama yako,
Wilkista

Kitale
21 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Magoti yamepoa? Samahani kwa kunyamaza. Kitabu kilinikasirisha, nikakirusha juu ya kabati. Ati Mama anataka nicheke? Leo mvua imenifungia nyumbani, nikakishusha. Mwimbaji wa besi alipojifungia chooni na maikrofoni, nilicheka mpaka jirani akabisha mlango. Halafu nikalia. Si ni vibaya, Mama, kucheka na kaburi lake halijaota nyasi?

Mwanao,
Nyaruai

Matulo
2 Mei 2024

Mwanangu,

Magoti hayajambo. Wekoye angekusikia ukicheka angeita watu waje kuona.

Sasa soma hiki, cha mjane aliyefufua shamba la matunda. Usikisomee kitandani. Oga kwanza, utoke nje, ukae juani. Katikati kuna mahali panauma. Usiparuke, mbele kuna raha.

Mama yako,
Wilkista

Kitale
9 Novemba 2024

Mama yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii ni kweli. Nilirudi shuleni muhula uliopita. Kila Ijumaa nawasomea watoto habari za ile kwaya. Wote wanataka kuwa mwimbaji wa besi.

Mama, mimi nilipoteza mume. Wewe ulipoteza mtoto uliyembeba mgongoni, na bado ukakaa ukinichagulia vitabu. Sijawahi kuona moyo kama huo. Wewe nani anakuchagulia? Basi nimekuchagulia mimi: kitabu cha bibi mzee anayejifunza kuendesha baiskeli.

Mwanao,
Nyaruai

Matulo
30 Novemba 2024

Nyaruai wangu,

Wote wanakusalimu. Nikuambie kitu. Tangu tumzike, sikuwa nimefungua kitabu. Nikijaribu, herufi zinanikimbia. Vile nilivyokutumia nilivisoma zamani, nikavikumbuka tu.

Hiki chako nimekianza jana hapo uani, na ugali ukaungua. Bibi ndio kwanza ameanguka mtaroni na baiskeli yake. Njoo tule Krismasi pamoja, lakini bana, usithubutu kuniambia kama anainuka.

Mama yako,
Wilkista