Bodi Uliyonitumia kwa Utani

Ipuli, Tabora

Mtani wangu Fikiri,

Nakusalimu kwa sababu mama, Mungu amrehemu, alinifunza kwamba hata anayekwenda kugombana hubisha hodi kwanza. Habari za Dar? Mkeo hajambo? Mama yako mguu wake unaendeleaje? Mfikishie shikamoo yangu, umwambie wali wake wa nazi bado naukumbuka, na kwamba katika yote yanayofuata yeye hana kosa. Sisi huku chakula kipo, mvua imeanza kugusa ardhi, watu wanapalilia. Moyo wangu ndio haujatulia, na aliyeuvuruga ni wewe.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu mwenye simu mbili mfukoni. Kwa simu nimeshindwa. Kila nikikupigia unaanza kucheka kabla sijafika katikati ya sentensi. Nikafikiri, nikaona hakuna Mnyamwezi aliyewahi kukanyaga vumbi mpaka posta akanunua stempu kwa ajili ya kumtania Mzaramo. Kwa hiyo itazame hiyo stempu vizuri, ndiyo ushahidi kwamba nimekasirika. Najua sheria kama unavyoijua wewe: mtani hakasirikiwi, na akikasirikiwa mwenye hasira ndiye anayetozwa faini. Waniite wazee, wanitoze wanavyotaka, nitalipa nikiwa bado nimenuna.

Baba yangu unamfahamu. Ulipokuja Tabora nikakupeleka kwake Kwihara, Mzee Lugembe ndiye aliyekufichia viatu, ukarudi mjini kwa miguu mitupu ukirukaruka kwenye mchanga wa moto, naye akikuimbia nyuma. Unajua pia kwamba baba ni manju, mtunzi na mwongoza ngoma, na nyimbo zake nyingi si zake. Amezirithi kwa babu yake, mpagazi aliyebeba pembe mpaka huko kwenu pwani. Upo wimbo wa kujitwisha mzigo, upo wa kuikata nyika ya Mgunda Mkali bila maji, upo wa siku mtu alipoiona bahari kwa mara ya kwanza akadhani ni moshi. Haziimbwi popote isipokuwa uwanjani kwetu, pale alipokabidhiwa. Huo ni mwiko wa ukoo, na baba hata serikali ilipomwalika uwanjani mjini alikwenda akaimba nyingine.

Sasa koo la baba liliota kitu. Alianza kwa kukwaruza, akaendelea kwa kunong'ona. Madaktari walimchungulia kwa kile kimpira chenye taa, wakatuita mimi na dada yangu Koleta pembeni, wakatuambia wazi kwamba kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote, baba atapumulia tundu la shingoni, atakula, ataishi, lakini hatasema tena wala kuimba. Kitanda kilipatikana Mwanza, tukapewa siku ya kwenda. Kabla ya siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani, kuzirekodi nyimbo zile kabla hazijatupwa kwenye ndoo ya hospitali.

Usiniambie simu ingetosha, ulishaniambia na nusura niirushe ukutani. Tulijaribu simu. Ukiisikiliza unasikia ngoma, upepo na kuku, sauti ya baba huipati. Ndipo Recheli, mwalimu wa kwaya ya kanisani kwetu, akaniazima maiki yao kubwa inayonasa hata mtu akimeza mate, pamoja na kadi ya sauti inayotumika nayo. Kadi hiyo huchomekwa ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye laptopu haina pa kuingia. Na kwa baba nguzo za umeme ziliishia kwa mwenyekiti wa kijiji, kuna sola na betri tu. Kompyuta ya mezani ya kawaida inainywa betri ile kabla wimbo wa Mgunda Mkali haujafika mtoni. Jenereta nililijaribu, likanguruma ndani ya kila wimbo kama dume la ng'ombe.

Nikueleze tena taratibu, maana ulipokuwa ukicheka hukusikia. Laptopu ya Koleta ilimwagikiwa chai, bodi yake kuu, yaani mazabodi, ikafa, prosesa, ule ubongo wake, ikabaki nzima. Ni zile za kula umeme kidogo, feni yake ndogo haipigi kelele, betri ya nyumbani ingeibeba mchana kutwa bila kulalamika. Lakini prosesa ya laptopu haikai kwenye mazabodi yoyote ya mezani, soketi si yake na pini hazilingani. Zipo bodi chache zilizotengenezwa kwa shida kama yangu: zina nafasi ya kuchomeka kadi kama za mezani, soketi yake ni ya prosesa ya laptopu, na umeme zinapokea moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nyingi zilikuwa kwenye mashine za kaunta za maduka makubwa. Na wewe unayo moja! Niliiona kwa macho yangu kwenye duka lako la vipuri Kariakoo, rafu ya nyuma, imelaliwa na printa mbovu. Niliipangusa vumbi, nikasoma namba yake, ukaniambia niiache kwa sababu hakuna mwendawazimu atakayekuja kuiulizia.

Mwendawazimu akaja kuiulizia. Nilikutumia picha ya prosesa mbele na nyuma. Nilikutumia namba ya bodi. Nilikuelekeza rafu. Nikakuambia safari hii si utani. Wewe ukaniambia kwamba mtu anayetaka kutia injini ya pikipiki kwenye lori ama amelewa ama anakutega, na ukaamua nakutega.

Haya, nakubali jambo moja, nisije nikaonekana mlalamikaji asiye na haki. Maneno hayo ya kwamba safari hii si utani nimekuwa nikiyatumia kila mara. Ndiyo niliyokuandikia kwenye dumu la asali ya Tabora ambalo wewe na mkeo mlilifungua mbele ya wageni mkakuta uji wa ulezi. Najua ulikuwa unanisubiri. Lakini Fikiri, uji wa ulezi haukumnyamazisha mtu. Unaweza kumtega mwenzio mara mia, na bado ukapaswa kujua sauti yake anapolia kweli. Mimi ningeijua yako.

Boksi lako lilifika kwa basi, nikalipakia kwenye bodaboda moja kwa moja mpaka Kwihara. Wapiga ngoma walikuwa wameshafika, ngozi zimeshaota moto, Koleta amemkalisha baba kwenye kiti chake na kumfunga shuka. Majirani wamejaa. Nikafungua. Ikatoka bodi kubwa, nyeusi, mpya, ya vijana wa michezo ya vita, ile yenye taa za rangi pembeni kama ukumbi wa harusi. Mimi naomba bodi isiyokula umeme, wewe unaniletea inayokula umeme kwa ajili ya kujipamba! Juu yake karatasi: Mpagazi, beba na hii.

Watu walicheka. Baba alicheka kuliko wote mpaka akapaliwa, Koleta akamshika mgongo. Na mimi nilicheka, Fikiri, hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Nilicheka kwa sababu miaka yote hii desturi yetu ni ile ile, cha utani kinakaa juu na cha kweli kinakaa chini yake. Chini ya lile rimoti bovu nilikuta kioo nilichoagiza. Chini ya malapa ya mtoto nilikuta chaja. Kwa hiyo nikaitoa bodi yako ya harusi, nikanyanyua sponji, nikatia mkono. Nikatoa sponji ya pili. Nikaligeuza boksi juu chini, nikalitikisa mbele ya watu, likatoka vumbi la Kariakoo.

Mpiga ngoma mmoja akaanza kukusanya vijiti vyake. Nikatoka nje ya boma nikakupigia, nikakuambia baba yangu anakwenda kutolewa sauti na boksi halina kitu. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulisema heri, sasa nchi itapumzika na makelele ya Wanyamwezi. Halafu ukakata, ukiwa bado unacheka. Nilikupigia tena na tena, ukawa hupokei, ukanitumia vile vikatuni vya kucheka machozi. Nilipompata mkeo akakueleza, ukaielewa habari, ukaitoa bodi chini ya printa na kuipakia usiku huo huo. Najua ulifanya hivyo, amenieleza. Ilifika baba akiwa tayari yuko Mwanza.

Katikati ya siku hizo nilizunguka mji mzima. Nilipita kwa mafundi wote ninaowajua na nisiowapenda. Kila mmoja alinionyesha bodi, na kila bodi niliigeuza nikaona soketi si yenyewe. Jamaa mmoja alitaka kuikandamiza prosesa iingie kwa nguvu, nikamnyang'anya. Chumba changu cha kazi kimejaa vyuma vya kila aina, mimi ndiye watu wa Ipuli humwita kompyuta ikifa, na baba yangu mwenyewe nimeshindwa kumtafutia kipande cha bodi chenye ukubwa wa sahani. Nilikuchukia. Naandika neno hilo nikijua linavyosomeka.

Ile bodi ya pili nimeiunga. Inafanya kazi. Prosesa imekaa kama ilizaliwa humo, betri haishtuki, maiki inanasa mpaka mchwa darini. Hakuna wa kuimba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijakuambia, na ambalo Koleta amenilazimisha kuliandika.

Asubuhi ya safari ya Mwanza, gari likiwa limeshawashwa, nilimpigia baba magoti pale uwanjani. Nilimwomba aimbe wimbo mmoja tu, hata nusu, Koleta ashike simu karibu na mdomo, tutaokota tutakachookota. Akatikisa kichwa. Halafu akamwashiria Koleta asogeze simu, nami nikafurahi, nikadhani amebadili nia. Akavuta pumzi ndefu, akakutukana wewe.

Naandika alivyosema, kwa kuwa ni mali yako. Alisema: wewe Mzaramo mla nazi, umeniziba mdomo kwa bodi ya taa, nami naapa nitaishi mpaka nikuzike, na kwa kuwa sitakuwa na sauti, utazikwa kimya kimya kama kuku aliyekufa kwa kideri, mjane wako akisikiliza makofi yangu tu. Akacheka mwenyewe. Kikohozi kikamshika, na baada ya hapo hakutamka kitu tena, njiani wala hospitalini, mpaka walipokitoa kile kisanduku. Nilimuuliza garini kwa hasira kwa nini, akanijibu kwa mikono, na Koleta aliyekaa naye miaka yote ndiye aliyenitafsiria: nyimbo zimeshafika pwani na kurudi, safari yao imetosha, lakini mtani asiyejibiwa ameshinda.

Umeelewa, Fikiri? Baba alikuwa na pumzi ya maneno machache, na yote akakupa wewe. Mimi mwanawe niliyemzungukia mji hakunitaja hata jina. Hasira ya bodi ningekuwa nimeshaimaliza. Hii ndiyo isiyoisha, na Koleta ananiambia ni wivu wa kitoto. Ni wivu. Nimekuonea wivu wewe, mtu uliyenikosesha nyimbo za ukoo mzima.

Ndiyo maana sauti hiyo sikukutumia. Nimeikalia tangu siku ile. Na nimefanya baya zaidi. Baba amerudi nyumbani, jeraha linakauka, anakunywa uji. Kila nikifika huninyooshea kidole mfukoni, kwenye simu, kisha hufungua kiganja kuuliza: Mzaramo amejibu nini? Nimekuwa nikimwambia kwamba umeisikia na umeshindwa, bado unatafuta la kusema. Mwanzoni alifurahi. Juzi aliuliza, nikajibu yale yale, akageukia ukuta. Hajauliza tena.

Kwa hiyo panda gari, au treni, au chochote kinachokuja huku. Sauti sitaituma kwa simu, utakuja kuisikilizia uwanjani, yeye akikutazama. Na ukija usije na sura ya msiba, usimpe pole, usilie mbele yake. Mtukane. Mtukane vizuri, kama hujawahi kumtukana mtu, mpaka hilo tundu la shingoni lipige mluzi. Ukimwonea huruma hata kidogo, wallahi hapo ndipo utakapojua hasira yangu.

Koleta anakusalimu. Recheli naye anakusalimu, ingawa hakujui. Wasalimu wote wa nyumbani, na mama yako umwambie nitamwandikia nikiwa na moyo mwingine. Jibu usiandike, jibu ni wewe mwenyewe mlangoni.

Ni mimi, mtani wako niliyenuna,

Masele Lugembe