Mashine Iliyodondokwa na Mate

Buhehe,
kwa mkono wa Mwalimu Osire,
S.L.P. 31, Busia, Uganda.
9 Novemba, 1964.

Mpendwa mdogo wangu Anjeline,

Hujambo, mama Jared? Shemeji naye hajambo? Na kile kikohozi cha Jared ulichoniandikia wakati wa mavuno, kimemwacha au bado? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Baba Felistus mgongo unamsumbua akishika jembe. Akiitwa kwenye nyama haumsumbui.

Nakuandikia kwa Kiswahili ili shemeji asome mwenyewe, maana Kisamia chetu kinampita. Tena nataka aisome kwa sauti, majirani zenu hapo kwenye nyumba za reli Tabora wasikie. Akifika penye jina la Felistus, apaze sauti kidogo.

Anjeline, nimeona mashine inayofua nguo. Sikusimuliwa na mtu. Nimeiona kwa macho haya mawili, Tororo, kwenye ile hospitali ndogo ya masista anakofanya kazi binti yangu. Ni chuma cheupe, kimo chake kinanifika kifuani, na tumboni kina mlango wa kioo, wa duara kama ungo. Unatia shuka, unatia sabuni, unafunga. Maji yanakuja yenyewe. Yanapata moto yenyewe, bila hata ukuni mmoja! Halafu tumbo linaanza kuzunguka. Linazunguka, linasimama kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha linazunguka kurudi lilikotoka.

Nilikaa mbele ya kile kioo nikaona shuka la mama aliyejifungua likipita na damu yake. Likapita tena, likapita tena, na kila likirudi limekuwa jeupe zaidi. Hakuna mkono uliolishika. Nikakumbuka mikono ya mama yetu ilivyokuwa ikichubuka kwenye ule mto wetu uitwao Sio, wakati wa baridi, tunampaka samli jioni. Machozi yalinitoka, sikufichi. Nilisema moyoni, mama angepewa siku moja tu ya kuona hiki kioo.

Na nani anaiendesha? Ni Felistus! Wafuaji wako wanne, lakini masista walimchagua yeye kwa sababu anasoma karatasi za mashine kwa Kiingereza, neno kwa neno. Tangu Julai ufunguo wa chumba cha kufulia alikuwa akiuvaa shingoni kama msalaba. Mimi niliyeishia darasa la nne nimezaa mtu huyo. Waambie majirani.

Sasa sikia yaliyotupata. Mwezi uliopita ule mlango ulianza kudondokwa na mate. Kwanza tone moja moja. Baadaye maji yakawa yanatambaa sakafuni mpaka kwenye kizingiti, wauguzi wanaruka kama wanavuka kijito. Sista Mkuu akasema ikifika Jumamosi haijapona, mashine inarudi kwenye sanduku lake na kupelekwa ilikotoka, na Felistus aliyekabidhiwa anarudi nyumbani. Akamvua ufunguo. Mtoto akaniandikia maneno machache tu: Mama, njoo tuombe pamoja.

Nilipanda basi Ijumaa asubuhi. Sikwenda mikono mitupu, unanijua. Nilibeba kopo la wanga wangu wa muhogo, ule ninaoutia bluu kidogo kabla sijauanika, unaofanya kola isimame yenyewe. Nilikuwa nimeshampelekea kopo moja mwezi wa Agosti, kwa ajili ya kofia za wauguzi, na Sista mwenyewe aliusifu.

Nikamkuta fundi Maloba, wa reli, mtu wa upande wa Kenya, kazi kidogo na maneno mengi. Siku mbili alikuwa amekaza skrubu za bawaba mpaka zikalia, akazungushia mlango vipande vya mpira wa baiskeli. Maji yakazidi. Akajifuta mikono na kutoa hukumu.

"Mpira wa mlango umezeeka, Sista. Dawa yake iko Ulaya."

Akurut, yule Mteso anayefua na Felistus, akadakia. "Umezeeka kwa miezi minne? Basi mimi ni wa kuzikwa leo."

Felistus hakucheka. Alikuwa amepiga magoti anautazama ule mpira kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Fundi, nishikie mlango."

"Nikushikie? Kwani leo fundi ni nani?"

"Fundi ni wewe. Mimi natafuta uchafu."

Anjeline, ule mpira unaozunguka mlango una mkunjo ndani yake, kama matumbo ya mbuzi. Maloba aliuangalia juu juu, kwa sababu ni mwanamume, hajawahi kuosha matumbo. Lakini Felistus nimemfundisha mimi, tangu akiwa mdogo, kwamba tumbo lisipogeuzwa halijaoshwa. Akaingiza vidole viwili, akaugeuza ule mkunjo taratibu, pole pole usichanike. Ndani yake kulikuwa na kitu kigumu, kimeganda kuzunguka kioo chote. Akabandua kipande kirefu kama kidole, akakilowesha kwenye maji ya moto, kikalainika na kuteleza.

Akurut akakinusa. "Ee! Si ukoko wa uji huu?"

Nikasogea nione. Ulikuwa ukoko kweli. Na ulikuwa na rangi ya bluu kwa mbali.

Hapo nikakumbuka barua niliyomwandikia Felistus pamoja na kopo la kwanza. Aliniuliza wanga huu aupike vipi hospitalini, na mimi, kwa ujuaji wangu, nikamjibu asipoteze kuni, mashine si ina moto wake? Aumwage humo humo pamoja na kofia, ijipikie yenyewe. Naye akatii, kwa sababu ni neno la mama. Kila Jumamosi mashine ilikuwa ikipika uji wangu, na uji ukajibana kwenye mkunjo wa mlango, ukakauka, mlango ukakosa kukaa sawa.

Sista akauliza, kwa kile Kiswahili chao cha puani, nani alitia uji kwenye mashine ya hospitali.

Felistus hakunitazama hata kidogo. "Ni mimi, Sista. Sikujua."

Nami nimesimama pale na kopo mikononi, nimelifunga kwa leso. Ningeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli, dada yako alinyamaza kidogo, kiasi cha kumeza mate mara mbili. Nilikuwa nimeshajisifu kwa kila mtu mle ndani tangu asubuhi, mpaka kwa mpishi. Halafu nikaitazama shingo ya mtoto wangu ilivyo tupu bila ule ufunguo.

"Sista, huyu anadanganya kwa heshima," nikasema. "Wanga ni wangu na shauri ni langu. Nilimwandikia kwa mkono wangu. Kama kuna wa kurudi Buhehe, ni mimi, na nina tikiti ya basi."

Maloba akapiga kofi pajani. "Kumbe mama ndiye ametoboa mashine!"

"Wewe kaa kimya," Akurut akamwambia, "na baiskeli yako ya mlangoni."

Sista alilichukua kopo, akafungua, akasugua wanga katikati ya vidole. Sikuweza kuusoma uso wake. Akasema tu, "Kwanza mlango."

Basi Felistus akauosha ule mkunjo wote kwa maji ya moto na kitambaa laini. Kisu alikikataa, alisema kinakata mpira. Akamwambia Maloba atoe mipira yake ya baiskeli na alegeze skrubu alizokaza kupita kiasi, na Maloba, mtu mzima na spana yake, alifanya alivyoambiwa. Wakafunga. Felistus akabonyeza.

Nilipiga magoti nikaweka kiganja changu sakafuni, chini kabisa ya mlango. Maji yakapanda nyuma ya kioo, karibu na uso wangu, nikayaona yakiugusa ule mpira. Tumbo likazunguka, likasimama, likazunguka tena. Nilisali Baba Yetu mpaka mwisho, nikaanza tena, nikafika mwisho. Mashine ikanywa maji yake, ikayatema kwa njia yake ya nyuma, ikanyamaza.

Nikainua kiganja. Kikavu, Anjeline. Kikavu kama karatasi hii. Nilimwonyesha Sista, nikamwonyesha Maloba karibu na pua.

Sista akatoa ufunguo mfukoni na kumvika Felistus shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Kopo langu hakulitupa. Aliliweka rafuni, akaagiza wanga upikwe kwenye sufuria na kofia zichovywe kwa mkono, nje ya mashine. Felistus akaandika kwa rangi nyeusi ukutani, juu ya ule mlango: WANGA WA MAMA SELPHER USIINGIE HUMU.

Waulize hapo Tabora ni mwanamke gani mwingine ambaye jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa hospitali. Maloba alisema ni onyo. Mimi naona jina langu liko pale, na mkono ulioliandika ni wa binti yangu.

Baba Felistus anakusalimu, Dorcas mdogo wake Felistus anakusalimu, na mama mkwe anauliza kama Tabora kuna samaki. Nisalimie Jared, mpanguse pua kwa niaba yangu. Shemeji mwambie ahsante kwa kusoma.

Mungu akaushe kila kinachovuja nyumbani kwako, na kisichotakiwa kukauka, kisima na maziwa, akiache kijae.

Wako akupendaye,
dada yako Selpher,
mama yake Felistus wa mashine.