Mjomba Aliyebaki Mlimani

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Nimekwama Uluguru, nimelowa chapachapa. Kifaa chetu cha kupima mvua kina kompyuta ndogo ndani, na ofisi ya Dar huvuta mafaili yake kwa simu. Juzi walifuta mafaili ya zamani wapate nafasi, wakafuta na lile linalopokea simu. Niliwakataza, hawakusikia. Sasa hakiitiki, lazima mtu apande na waya. Ruhusa yangu ya kuja harusi ya mwanao ikafutwa nayo.

Mama mmoja wa huku kanipa ndizi na maharage, akacheka: "Kwani hao wa Dar hawana miguu, mwanangu?"

Kadi hii ikifika, Asha ameshaolewa, na mjomba wake hakuwepo kumkabidhi. Mwambie nampenda. Usimwambie kilichonizuia ni faili moja.

Mdogo wako, Salehe