Saratani Mbili za Baba, Wala Si Moja Iliyotembea

Bondeni, Nakuru
Jumatano

Mpenzi wangu Kamau,

Pokea salamu za mke wako, ambaye bado hutabasamu kila anapoandika hayo maneno, mke wako. Unaendeleaje, wangu? Mama naye, miguu imepoa? Mimi ni mzima, ila nimechoka mpaka kwenye mifupa. Tangu harusi nimekalia mabenchi ya hospitali zaidi kuliko nilivyokaa kando yako, na usingizi ukija naota umenishika mkono.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu siwezi. Hapa kwa shangazi yako kati yangu na Baba ni pazia tu, na haya si maneno ya mke wa mwana kuyasema baba mkwe akisikia. Dereva wa lori la maziwa atakuletea.

Unajua tuliambiwa saratani ya koo imeteremka mpaka kwenye nyonga, ndiyo maana kaka yako Njoroge akasema atatoka Kiamunyi Jumamosi na gari amrudishe Baba huko Kabazi, akapumzikie nyumbani. Basi Jumatatu tulipata daktari mwingine, mwanamke wa makamo. Akamuuliza Baba, "Mzee, kukojoa kukoje?"

Baba akanitazama, akatazama dirisha. "Sawa."

"Sawa kabisa?"

"Si nimesema sawa?"

Daktari akanigeukia. "Dada, hebu nenda ukanywe chai."

"Nimeshakunywa, daktari."

"Basi kunywa ingine."

Nikatoka. Nilipoitwa tena, Baba alikuwa amemwambia kila kitu: mkojo unatoka kwa matone, unauma, na ameficha tangu mwaka jana. Alimuuliza daktari, "Ningesemaje hayo mbele ya mke wa mtoto wangu?" Kamau, nililia chooni. Kila kliniki nimekaa ubavuni mwake nikidhani namsaidia, kumbe mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Wakatoa damu, wakatoa na kipande kidogo cha nyama kwa sindano. Leo majibu yametoka. Ya chini ni saratani ya tezi dume, imezaliwa hapo hapo, haikutoka kooni. Ziko mbili, kila moja na mwanzo wake.

Baba akauliza, "Sasa hiyo ni habari njema ama mbaya?"

"Mzee, mbili zilizokaa mahali pao ni afadhali kuliko moja iliyotembea," daktari akamwambia. "Ya chini ni ya polepole, tutaishika na sindano. Ya koo haijatoka mahali pake, kwa hivyo tunaipiga kwa miale na dawa, tukitumaini kuimaliza. Siwezi kukuapia. Lakini tuanze Jumatatu."

Baba akasema, "Na vile nilikuwa nimeshaaga ng'ombe." Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Shida ni Njoroge. Nilimpigia, akasema, "Juzi ilikuwa moja, leo ni mbili, na wewe unafurahi? Mwacheni mzee apumzike." Jumamosi bado anakuja. Mimi ni bibi arusi wa juzi, siwezi kusimama mbele ya gari la kifungua mimba. Na hata nikiweza, nani atamvua Baba nguo kabla ya miale, na nani atajibu daktari akiuliza tena ya mkojo? Nikiwa pale atasema sawa.

Ng'ombe waachie jirani. Njoo Ijumaa, mume wangu. Sikuiti kwa sababu ya hamu, ingawa hamu ninayo ya kujaza debe.

Nisalimie Mama, umwambie kitanda alichomtayarishia Baba chumbani akiache kwanza. Msalimie dada yako mdogo, na mke wa mchungaji aliyenifunga kilemba siku yetu.

Baba hajasema kwamba anakutaka. Lakini jioni hii, nikimpa uji nyuma ya pazia, ameniuliza, "Kwani Kamau ana kazi nyingi sana huko?" Nikamwambia hapana, Baba, hana.

Mke wako akupendaye,
Wangari