Nimeikagua Boti ya Dada Skola

Karema, Jumatano, Julai 1995

Asubuhi ilikuwa ya baridi, ya kuvaa sweta, na upepo wa kusini ulianza kabla chai haijachemka. Nimeshinda majini. Mgongo unauma na nguo bado zina unyevu, lakini moyo umetulia kuliko jana.

Jana nilisema uongo. Naandika ili nisije nikajisahaulisha.

Nianze mwanzo. Dada yangu Skolastika, sisi tunamwita Skola, amekuwa nesi kwenye zahanati za kando ya ziwa tangu akiwa msichana. Mumewe alifariki mwaka juzi, na mwaka huu amestaafu. Mimi sikuolewa. Nina karakana yangu ya useremala Mpanda mjini na nyumba ya vyumba vitatu, kwa hiyo nilijua tu kwamba atakuja tukae wote. Chumba chake nilishakipiga plasta, na kitanda cha mninga nilikitengeneza kwa mikono yangu. Halafu ikaja barua. Anataka kununua boti ya tanga ya mzungu, aishi humo humo ndani, azunguke vijiji ambavyo barabara haifiki, kutoka Ikola mpaka Kipili, akipima wajawazito na kutibu watoto. "Njoo uikague," aliandika. "Wewe ndiye uliyefundishwa na baba."

Baba yetu alikuwa fundi wa boti za mbao hapa hapa Karema. Kaka zetu hawakuipenda kazi ile, basi randa na patasi nikashika mimi. Mbao nazijua. Boti ya faiba iliyotoka kiwandani, zinakotoka nyingine mia zinazofanana nayo, nilikuwa sijawahi hata kuigusa.

Mwenye nayo ni Bwana Yan, mtafiti wa samaki, ambaye anarudi kwao Ulaya mwisho wa mwezi ujao. Boti ililetwa kwa treni mpaka Kigoma ndipo ikashushwa ziwani. Ina urefu wa futi ishirini na saba, mlingoti mmoja, na chumba ndani chenye vitanda, jiko na kabati. Skola alimuuguza malaria mara mbili, na yeye kwa shukrani akamfundisha kuendesha tanga. Miaka miwili sasa wanatoka kila Jumapili baada ya misa. Tena Skola hatakuwa peke yake: Deo, mwanawe wa kwanza, mvuvi wa migebuka mwenye familia yake, amekubali kusafiri naye. Kwa hiyo hili si wazo la mtu aliyeamka nalo asubuhi.

Leo nalikiri hilo. Jana sikutaka kulikiri.

Jana niliingia kwenye boti kwa dharau. Nilisema moyoni, hiki ni chombo cha watu kunywea soda siku za mapumziko. Nikageuza bisibisi, nikaanza kugonga ubavu kwa mpini, kiganja baada ya kiganja, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Sauti ilikuwa kavu, ile ile, kutoka mbele mpaka nyuma. Nikafunua sakafu ya ndani kutazama boliti zinazoshika mkuku, lile pezi zito la chuma lililo chini ya boti ili isipinduke. Nilitegemea kutu. Nilipofuta kwa kitambaa, boliti ziling'aa. Nikajifunga kanga, nikapiga mbizi, nikapapasa mkuku mahali unapoungana na boti, kisha usukani. Sikupata ufa hata wa kuingiza ukucha.

Kasoro zilikuwepo. Juu, karibu na mlingoti, pana sehemu kubwa kama sinia iliyotoa sauti ya bubu. Maji yamepenya, na ubao uliofunikwa na faiba umeoza. Na matundu ya kutolea maji pale anapokaa mwenye usukani ni madogo mno. Nilimwaga ndoo baada ya ndoo, kisha nikasimama kungoja. Ningeweza kumenya ndizi nikaila kabla hayajaisha. Kwa mawimbi ya mwezi huu, wimbi la pili lingelikuta la kwanza bado limekaa.

Lakini hizo ni kasoro za kutengenezwa. Fundi mkweli angesema hivyo.

Skola alikuwa amekaa mchangani na karatasi yake ya kuandika nitakayomwambia. Akaniuliza, "Mdogo wangu, inafaa au haifai?"

Nikamjibu, "Haifai, dada. Itakuua."

Hakubisha. Hicho ndicho kilichonichoma. Alikunja karatasi akasema, "Basi, kama ni wewe umesema," akaenda kumwambia Bwana Yan atafute mnunuzi mwingine. Aliniamini kwa sababu ya baba, na mimi nikamtumia baba kumfungia dada yangu njia.

Leo nilimkuta uani anaanika dagaa. Nilisema haraka kabla woga haujanipata. "Dada, jana nilikudanganya. Boti ni nzima. Nilitaka uje tukae wote Mpanda."

Hakunitazama. Alitandaza dagaa mpaka mkeka ukajaa, ndipo akasema, "Ungeniambia tu kwamba unataka tukae wote. Hilo ningelisikia. Lakini kuniambia nitakufa, wakati nimetoka kumzika mume wangu juzi tu..."

Hakumaliza. Aliingia ndani, akarudi na ile karatasi akanipa mkononi. "Andika upya. Na usiandikie nchi kavu. Upepo huo hapo, twende."

Bwana Yan alituambia hajamtafuta mnunuzi yeyote. "Nilitaka nisikie mara mbili," alisema, kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Hakuja nasi. Alisema boti ikaguliwe na watakaokaa ndani yake.

Skola akashika usukani, Deo akashika kamba, mimi nikakaa chumbani na penseli. Tulipoiacha rasi nyuma tu, boti ikainama. Kabati zile zina vifungo vya sumaku, vizuri kwa kuvutia mteja. Wimbi la tatu lilizifungua zote, sufuria na mchele na kopo la sukari vikaja miguuni pangu. Ingekuwa chupa za dawa je? Nikaandika: komeo za mbao, kila mlango.

Nikajilaza kitanda cha mbele. Kilinirusha mpaka kichwa kikagonga dari, kile ni cha kulalia ziwa likitulia. Nikahamia kitanda cha katikati, upande ulioinama. Niliteleza, lakini ubavu wa boti ukanishika. Ukiweka ubao wa kuzuia upande wa pili, hata mama mwenye uchungu wa kujifungua atalala pale bila kuanguka. Nililala pale kwa muda nikiwaza hilo, na kwa mara ya kwanza nikaona kile alichokuwa anakiona Skola.

Pipa la maji niliandika ni dogo. Nilipompigia kelele kumwambia, akacheka, mara ya kwanza leo. "Tunaelea juu ya maji ya kunywa, mdogo wangu. Nitachemsha." Nikafuta.

Kubwa zaidi ni jambo ambalo kiwanda hakikulijua, yaani ziwa lenyewe. Hapa kwetu, sehemu nyingi, ukitoka ufukweni hatua chache tu chini panaporomoka kama ukuta. Nanga ya Bwana Yan ni nyepesi na kamba yake ni fupi. Na kwa sababu ya mkuku, boti hii huwezi kuivuta mchangani kama zetu. Inahitaji nanga mbili nzito, kamba ndefu, nyingine ya kufunga kwenye mti ufukweni, na mtumbwi mdogo wa kukokota nyuma wa kumpeleka nesi kwa wagonjwa wake.

Nilikuwa naandika hayo upepo ulipotupiga kwa nguvu. Boti ililala mpaka ukingo ukazama. Wimbi likamjaa Skola miguuni, likaruka kizingiti, likanilowesha mpaka magotini. Kupitia mlangoni nilimwona uso. Hakuniita wala hakupiga kelele. "Deo, shusha tanga nusu," alisema, kama anavyoomba mkasi. Deo akashusha. Boti ikasimama yenyewe, polepole, bila mzaha. Deo akaanza kuchota maji kwa ndoo, kwa sababu yale matundu hayakuwa na haraka yoyote.

Niliogopa, sikatai. Lakini niliogopa huku naandika: kizingiti kipandishwe, matundu yapanuliwe.

Tuliporudi nilimsomea karatasi yote mbele ya Bwana Yan na Deo. Nikamaliza hivi: boti hii, kama ilivyo leo, ni ya kutembea karibu na hapa tu, siku ya hali nzuri. Ikitengenezwa haya yote, inafaa kuishi ndani yake na kusafiri pwani yote ya ziwa. Kukatiza kwenda ng'ambo, asithubutu mpaka amalize mwaka mzima akiijua.

"Na nani atatengeneza?" Skola akauliza.

"Mimi."

"Karakana yako je?"

"Nitaifunga. Mlango wake una kufuli."

Akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, akaiweka kifuani. "Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua, dada."

"Haya, twende tukale. Migebuka itapoa."

Nimekula migebuka miwili. Sasa nimekaa kizingitini kwake na daftari hili, jua linaanza kushuka. Sidanganyi, kazi ikiisha nikarudi Mpanda nitakuwa peke yangu, na sijui Jumapili zangu zitakuwaje. Labda nitakuwa napanda lori kuja huku, labda nitazoea. Hilo silijui. Ninachojua ni kazi yangu, na maneno niliyosema leo ufukweni naweza kuyarudia mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya baba angekuwepo.

Deo ameazima msumeno wa meno madogo kwa jirani. Kesho jua likichomoza nakata ile sehemu iliyooza.