Diski Inayogonga

Jumanne jioni.

Inagonga tena. Tak, tak, inanyamaza kidogo, kisha tak. Hiyo si sauti ya afya.

Siku ya kununua, Muthoni, fundi wa kompyuta pale Runyenjes, alinionyesha diski mbili za hiki kilaptopu changu. SSD, nyepesi kama biskuti, haina sauti hata kidogo. Na "hard disk", ile yenye sahani inayozunguka ndani.

"Guka," akaniambia, kama mjukuu kwa babu, "chukua SSD. Wewe hubeba laptopu kwa bodaboda, na hii ya kuzunguka haipendi kurushwarushwa."

Nikamcheka. Mimi nimeendesha mashine ya kumenya kahawa kabla mama yake hajazaliwa, na ugonjwa wa mashine hiyo niliujua kwa sikio, mainjinia wakikuna vichwa. Kitu hakingurumi, utajuaje kama kinafanya kazi? Nikachukua yenye sauti.

"Haya, kichwa ni chako," akasema. "Lakini ikianza kugonga, izime hapo hapo uniletee. Usifungue kitu, kila ukifungua inazidi kuharibika."

Sikio langu limesikia kugonga tangu juzi. Nikajiambia itazoea.

Ndani kuna video ya Mama Wanja, mke wangu, akiimba kanisani, mwaka ule kabla ugonjwa haujamchukua. Hakuna nakala nyingine popote. Binti yetu Wanja anakuja Jumapili kuichukua, sauti ya mama yake.

Ningezima. Lakini nikizima na isiamke je? Nikasema acha nimsikie mara moja tu.

Nimefungua. Ameimba mstari wa kwanza vizuri, akavuta pumzi aingie wa pili. Picha imesimama hapo, mdomo wazi.