Kabla Hujanijibia

Dada Zuhura,

Shikamoo. Nimeiandika tu kwa sababu mkono umezoea. Najua hakuna wa kuniitikia.

Nimefeli, dada. Si mtihani wenyewe, huo ni Novemba. Ni lile jaribio la pale kituoni ninaposoma jioni. Baiolojia nimepata kumi na tisa kwa mia. Karatasi nimeichimbia kwenye ndoo ya unga, Mama asiione.

Kinachoniuma ni kwamba nilisoma. Tangu arobaini yako ipite, kila alfajiri nikikaanga vitumbua, mwanangu Nasra mgongoni, nakufungulia kwenye simu. Zile sauti ulizonirekodia kule Ubena ulikokuwa unafundisha, zote thelathini na moja, nimezisikiliza mpaka najua unapovuta pumzi. Unauliza, unangoja kidogo, unajibu mwenyewe, unacheka. Nikasema moyoni, mwaka huu napita. Nitaingia uuguzi, niache kuungua mikono.

Basi wakauliza kazi za figo. Dada, nilikusikia! "Haya, mdogo wangu, figo zinafanya nini?" Nikamsikia na yule jogoo wa jirani yako anavyodakia palepale. Nikangoja ujibu. Nikangoja. Msimamizi akapita kukusanya karatasi, na mimi kichwani nina jogoo tu.

Na uliniambia. Likizo ile ya mwisho ulikuta nimepaka daftari wino wa manjano ukurasa mzima, ukanicheka: "We mtoto, hili daftari au wali wa bizari?" Ukanipokonya, ukalikalia. "Sema unachokumbuka." Nililia kwa hasira. Ukasema chuoni mlifundishwa kwamba kusoma tena na tena kunamdanganya mtu. Analizoea neno, akadhani analijua. Kumbukumbu hukaa ukiivuta mwenyewe, hata ukikosea, ndipo utazame jibu. Ulilokosa lirudie kesho. Ulilopata liache mpaka Ijumaa, likianza kupotea ulivute tena. Na pale unaponyamaza kwenye sauti ni pangu: nisimamishe simu, nijibu kwanza.

Ulipokuwa hai nilisimamisha. Ulipoondoka sikuweza.

Mimi sikufika makaburini, dada. Nilibaki uani na wanawake wenzangu, wanaume wakakuchukua. Sikushika hata udongo. Sasa kukukatisha kwa kidole changu mwenyewe, nyumba ikanyamaza... hayo ndiyo maziko yangu, mara thelathini na moja.

Jana nimejaribu. Ukauliza figo, nikabonyeza. Kimya. Mafuta tu ndiyo yanalia. Vitumbua vikaungua, Mama akapiga kelele, "We Mwanaidi, umelala hapo jikoni?" Nilipata jibu moja, kuchuja taka kwenye damu. Moja, dada, na jasho lote lile. Mtoto anaota meno, kichwa hakishiki, nawe ulikuwa mtu pekee uliyeamini kwamba mimi si mjinga. Sioni kama nitapita. Nakwambia ukweli.

Watu wakija bado wanasema Mungu akupe kauli thabiti. Nimekuwa nikiitikia amina kwa mazoea tu. Jana, na vitumbua vyangu vyeusi, ndipo nikafikiri: kumbe nawe uliulizwa na malaika huko kaburini. Peke yako, daftari limefungwa, na sisi sote tuliokupenda hatukuweza kukudokeza hata neno moja.

Basi nami nitalifunga daftari langu. Siahidi kufaulu. Nakuahidi kwamba kila alfajiri nitakusimamisha pale unaponyamaza, hata nikilia, hata vikiungua. Siku nitakayotoka kwenye mtihani wa mwisho nitakaa kitako barazani na Nasra, nikuache ujibu yote mpaka mwisho, ucheke na jogoo wako awike.

Lala pema, dada yangu. Kwa sasa nyamaza kidogo. Zamu ya kujibu ni yangu.

Mdogo wako,
Mwanaidi